Kutoka Jaa la Hamdani hadi Mizani ya Kitale: Usawiri wa Wazoaji Taka katika Fasihi ya Kiswahili

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa ngano alizozinakili Unguja, na miongoni mwazo imo hadithi ya Sultani Darai. Shujaa wa hadithi hiyo, kama neno shujaa linamfaa, ni maskini aitwaye Hamdani ambaye kazi yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Mchuuzi wa paa anapopita, watu wanamwonya asipoteze wakati wake kwa mtu yule, kwani angekuwa na kitu asingekuwa pale. Lakini Hamdani anatoa thumuni yake na kununua paa. Paa huyo ana uwezo wa kusema, na kwa werevu wake anampatia bwana wake mke wa kifalme na nyumba ya fahari. Paa anapougua, Hamdani anampuuza na kuamuru alishwe uji wa mtama usiofaa, mpaka mnyama huyo anakufa kwa uchungu. Usiku Hamdani anaota kwamba anachakura jaani kama zamani, na anapoamka anajikuta yuko jaani kweli.

Ngano hii imezoeleka kufasiriwa kama onyo dhidi ya utovu wa shukrani, na hapana haja ya kuupinga ufasiri huo. Hata hivyo, ufasiri huo unaliruka jambo ambalo msimulizi wa Unguja alilitia katika aya za mwanzo kabisa: jaa la Hamdani linalipa. Msimulizi anajua mtu huyu anatafuta nini, anakitafuta kwa namna gani, na kwamba siku moja jasho la kuchakura linaweza kugeuka mtaji. Anajua pia kwamba wapita njia wanakosea wanaposema mtu wa jaani hana kitu. Thumuni imo kibindoni wakati wanaposema hivyo. Makala haya yanadai kwamba fasihi andishi ya Kiswahili iliyofuata, pamoja na huruma yake yote kwa wanyonge wa mijini, imelihifadhi jaa na kuisahau thumuni. Mzoaji taka anaonekana mara nyingi katika kurasa zake akiwa ithibati ya uovu wa watu wengine, na kwa nadra sana akiwa mfanyakazi. Ili kulipima dai hilo, inafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe mahali inapofanyika, na hapa imechaguliwa miji miwili ya magharibi mwa Kenya, Kitale na Bungoma, kwa sababu itakayodhihirika baadaye.

Kazi na msamiati wake

Kitale ni mji wa mahindi. Tawi la reli liliufikia mwaka 1926 ili kuyachukua mazao ya walowezi, na hadi leo maisha yake hufuata msimu wa kupanda na kuvuna. Bungoma iko kwenye njia kuu ya reli na barabara iendayo Malaba na Uganda, katikati ya nchi ya miwa. Kwa sababu hiyo, taka za miji hii si za mji peke yake. Humo mna magunia ya mbolea na vibuyu vya plastiki vilivyokuwa na dawa za kunyunyizia mimea, ambavyo ni hatari kwa ayashikaye mikono mitupu. Mna springi za malori, betri zilizokufa, katoni za maduka ya jumla na chupa za soda. Watu wanaozichambua hutoka katika mitaa kama Kipsongo ya Kitale, ambako kwa miongo mingi zimeishi familia nyingi za asili ya Turkana zilizosukumwa na ukame na wizi wa mifugo. Mtu aliyekuwa na ng'ombe akawa na gunia.

Mtazamaji wa mbali husema watu hawa wanaokota taka. Wao wenyewe hawatoki asubuhi kwenda kuokota taka. Hutoka kutafuta chuma, bati, shaba, aluminiamu, plastiki ngumu, chupa, mifupa au katoni, na kila kimoja kina mnunuzi wake. Chuma hutambuliwa kwa sumaku, kwa kuwa shaba na aluminiamu haziishiki. Waya wa umeme huchomwa ili ganda litoke na shaba ibaki, na moshi wake huingia kifuani mwa anayechoma. Plastiki ngumu ya ndoo na mitungi hutengwa na ile laini ya mifuko, na mikono iliyozoea huitambua kabla ya macho. Chupa nzima husafishwa, aghalabu na wanawake, zikarudi sokoni kubeba maziwa, asali au mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa kipimo. Mafundi wa jua kali nao hununua moja kwa moja: springi ya lori huwa jembe au panga, pipa huwa jiko la makaa, mkebe huwa koroboi, na aluminiamu iliyoyeyushwa huwa sufuria. Mabaki ya chakula huenda kwa wafugaji wa nguruwe. Kinachobaki baada ya mikono hiyo yote ndicho taka kwa maana halisi ya neno, na si kingi kama wenye kukitupa wanavyodhani.

Kisha pana mizani. Mzoaji humletea broka mwenye yadi gunia lake, na mizani ya kuning'inia huamua mlo wa siku hiyo. Bei yenyewe haikuamuliwa Kitale wala Bungoma, bali katika yadi kubwa na viwanda vya kuyeyushia vyuma vya miji mikubwa zaidi, na kwenye soko la dunia nyuma yake. Mzoaji ndiye anayebeba mabadiliko yote na hana ghala la kuhifadhia mali akisubiri bei ipande. Mfano mmoja unatosha. Kenya ilitunga Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015 ili biashara hiyo ifanywe kwa leseni. Mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na taifa kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Mei mwaka huo. Kwa zaidi ya miezi mitatu mwenye kuokota misumari na mabati jaani aliwekwa chungu kimoja na mwenye kuangusha minara. Mwandishi wa tamthilia angeweza kupata hapo mgogoro kamili, pamoja na kichekesho chake kichungu.

Jaa kama tamathali

Waandishi hawakulikosa jaa. Katika Kill Me Quick (1973) Meja Mwangi aliwaweka Meja na Maina, vijana waliotoka shule na vyeti vyao, katika vichochoro vya Nairobi wakila mapipani. Riwaya hiyo ni ya Kiingereza, lakini ndiyo iliyoweka sura ambayo wengi waliifuata. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya Kigikuyu ambayo kwa Kiingereza iliitwa Wizard of the Crow (2006), anamleta Kamĩtĩ, mwenye shahada zake kutoka India, akizimia juu ya rundo la taka la jiji la Eldares hata wazoa taka wanamdhania maiti. Ni tukio la ustadi mkubwa. Lakini ichunguzwe ni nani hasa anayemtisha msomaji katika matukio haya mawili. Ni msomi. Kinachotakiwa kushtua ni kwamba mtu aliyesoma amefika jaani. Wale waliokuwapo kabla yake, na watakaobaki baada yake, ni sehemu ya mandhari. Wazoa taka wa Eldares wanafanya kazi mbele ya macho ya msomaji, na bado msomaji anamtazama Kamĩtĩ tu.

Katika Kiswahili, kazi iliyolikaribia jaa zaidi ni Watoto wa Mama N'tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo. Mbogo anaonyesha hatua kwa hatua jinsi watoto wa muuza chakula wa Dar es Salaam, wenye baba mlevi, wanavyofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare na kusukumwa hadi mitaani na jaani. Nguvu ya riwaya hii imo katika mnyororo wa sababu: hakuna anayeanguka kwa laana wala kwa tabia mbaya ya kuzaliwa nayo. Udhaifu wake umo mahali hapo hapo. Kwa kuwa kila tukio ni hatua ya kuteremka, jaa haliwezi kuwa mahali pa kazi. Lazima liwe ngazi ya chini kabisa, na mtoto aliyefika hapo lazima ahurumiwe, aokolewe au apotee. Msomaji anafunga kitabu akijua kwa nini watoto walifika jaani, bila kujua waliyoyajifunza huko, waliuza nini kwa nani, wala ni nani aliyewapunja.

Hali hiyo hiyo inaonekana nje ya fasihi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Baraza la Jiji la Dar es Salaam kwa ajili ya moshi na uvundo wa jaa lililokuwa mtaani mwao, nao wakashinda. Jaa likahamishiwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu. Shauri hilo linastahili sifa zote linazopewa na wanasheria. Lakini mahakama ilisikiliza wenye pua na wenye magari ya taka. Waliokula kutokana na jaa hawakuwa upande wowote wa kesi, na jaa lilipohama nao walihama bila kutajwa.

Timothy Arege katika Mstahiki Meya (2009) analitumia jaa kisiasa. Wafanyakazi wa baraza la mji wa Cheneo wanagoma, taka zinarundikana, na uvundo unakuwa lugha ya pili ya jukwaa ambayo Meya peke yake hajifanyi kuisikia. Kama tamathali ya uongozi uliooza, uvundo huo unafanya kazi barabara, na tamthilia hii ni miongoni mwa chache ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuinusa. Isitoshe, Arege anawapa wafanyakazi madai na sauti. Lakini wafanyakazi wake ni wale walioajiriwa, wenye mshahara unaoweza kucheleweshwa na mgomo unaoweza kuitishwa. Katika mji halisi, baraza linapogoma, kuna watu ambao siku hiyo wana kazi nyingi kuliko kawaida. Hao hawamo Cheneo.

Hapa ndipo sababu ya kuchagua Kitale na Bungoma inapojitokeza. Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia Cherang'any katika Trans-Nzoia, na hadi kifo chake Aprili 2020 hapakuwa na mwandishi aliyeitia nchi hiyo katika ramani ya riwaya ya Kiswahili kuliko yeye. Katika Siku Njema (1996) Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake, na safari hiyo iligeuza mwelekeo uliozoeleka: Kiswahili kilitoka pwani na kukuta maisha kamili bara. Katika Nasikia Sauti ya Mama (2014), tawasifu yake, mashamba na shule za sehemu hizo zinaelezwa kwa upendo wa mtu anayezijua njia kwa nyayo. Kijana DJ wa Kidagaa Kimemwozea (2012) ametoka katika maisha ya mitaani, naye ni mmoja wa wahusika wachangamfu zaidi wa riwaya hiyo. Ucheshi wake unamtoa katika kundi la watoto wa kulia na kuliliwa. Hata hivyo, mtaa ni wasifu wake, si kazi yake. Msomaji anakutana naye akiwa tayari ameajiriwa kuchunga mifugo, yaani amekwisha kuokolewa kwa kurudishwa shambani. Kwa mwandishi wa Cherang'any, shamba ndilo kipimo cha maisha yaliyonyooka, na mji ni mahali pa kupitia. Si kosa, ni mpaka wa jicho lake, na kila mwandishi anao. Lakini ni ajabu kwamba mwandishi aliyeijua Kitale kiasi kile aliiacha mizani yake.

Inawezekana fasihi simulizi ya nchi hiyo ingempa njia nyingine. Miongoni mwa Waluo, mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa huweza kuitwa Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa. Desturi ilikuwa kumtupa kwa ishara, kisha mtu mwingine akamwokota, ili mauti yadhani kwamba hana thamani na kumpita. Hapo kutupwa ndiko kunakookoa, na mwenye kuokota ndiye mpaji wa uhai. Waswahili nao husema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mifano hii haifanyi jaa kuwa pazuri, ila inaonyesha kwamba uhusiano wa binadamu na kilichotupwa haujaanza wala kuishia katika aibu.

Jina na anayelitamka

Suala la jina halina budi kutazamwa. Kitenzi chokora maana yake ni kutia kitu chenye ncha tunduni ili kutoa kilichomo; chakura, kitenzi cha Hamdani, ni kitendo cha kuku anayetafuta chakula. Vyote viwili ni vitenzi vya kutafuta. Lakini chokoraa, kama linavyotumika Kenya, limeacha kutaja tendo na kuanza kutaja aina ya mtu: huitwa hivyo mtoto yeyote wa mtaani, hata ambaye hajawahi kugusa pipa, na hutumiwa kuwa tusi kwa mtoto wa nyumbani aliyechafuka. Jina likishakuwa la mtu badala ya kazi, mtu huyo huweza kutendwa kama kile anachokishughulikia. Februari 2019 watoto wa mitaani walichukuliwa usiku kutoka mji wa Nakuru na kuachwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo. Taarifa za wakati huo zilisema walitupwa, na pengine hapakuwa na kitenzi kilichofaa zaidi.

Jambo hili si la kinadharia kwa mwalimu wa Kiswahili wa Kitale au Bungoma. Darasani mwake huwamo mwanafunzi ambaye Jumamosi hukusanya chupa ili anunue madaftari, na ambaye Jumatatu huulizwa afafanue maudhui ya umaskini kwa kurejelea wahusika watano. Mwanafunzi huyo analijua jibu la swali hilo na hawezi kuliandika, kwa kuwa kitabu cha tahini hakina mahali pa kuliweka. Hata mwongozo unaomsaidia kupasi unamweka mhusika wa jaani katika orodha moja na ulevi, ukahaba na uhalifu. Kitabu chenyewe kinapoondolewa katika silabasi, huishia kwa mnunuzi wa karatasi, kikapimwa kwa kilo na kufungia njugu. Webuye, mwendo mfupi kutoka Bungoma mjini, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilitengeneza karatasi kwa miongo kadhaa kabla ya kusimama mwaka 2009. Njia ya karatasi katika eneo hilo, kutoka mtini hadi daftarini na kutoka daftarini hadi guniani, ingeweza kufuatwa kwa miguu.

Iwapo itasemwa kwamba maisha ya namna hii hayawezi kubeba fasihi bora, ipo mifano ya nchi nyingine. Aminata Sow Fall wa Senegali, katika La Grève des bàttu (1979), aliwafanya ombaomba wa jiji wagome. Wakubwa wanaotaka kutoa sadaka ili wapate vyeo wanakosa wa kuwapa, na mara inabainika kwamba wale walioonekana kuwa mzigo wana kazi ambayo jamii nzima inaitegemea. Riwaya hiyo haiombi huruma hata kidogo, inapiga hesabu. Mfano wa pili una uzito zaidi. Carolina Maria de Jesus wa Brazili aliishi katika mtaa wa mabanda wa Canindé, São Paulo, akiokota karatasi na vyuma ili awalishe wanawe watatu. Aliandika shajara katika madaftari aliyoyapata takani, na mwaka 1960, kwa msaada wa mwandishi wa habari Audálio Dantas, shajara hiyo ikachapishwa kwa jina la Quarto de Despejo, yaani chumba cha kutupia vitu visivyotakiwa. Kinachomvutia mhakiki ni kwamba kitabu hicho kimejaa bei: karatasi ya leo ililipa kiasi gani, mkate uligharimu kiasi gani, na ni nini kilichokosekana mezani kwa sababu ya tofauti hiyo. Uchungu wa Carolina haukutenganishwa na hesabu zake. Yeye alijua, kama msimulizi wa Unguja alivyojua, kwamba habari za jaa huanza na kile kilichopatikana humo.

Kiswahili hakina kitabu cha namna hiyo kutoka Kitale wala Bungoma, na hakitapatikana kwa kuwataka waandishi wa mijini waongeze huruma. Lakini kauli hiyo isichukuliwe kwamba wazoaji hawana fasihi. Asubuhi katika mitaa ya Bungoma hupita mnunuzi mwenye mkokoteni akiita vyuma kuukuu, betri mbovu, mitungi iliyopasuka, kwa mdundo uliokwisha kukatwa na kupangwa, wenye kibwagizo na nafasi ya kubuni papo hapo kulingana na nyumba anayoikabili. Wanaochambua nao wana mafumbo ya kumficha broka bei wanayoitaka, na majina ya utani ya mizani zisizoaminika. Mtaala wa sekondari unafundisha wawe kama nyimbo za kilimo na hodiya kama nyimbo za kazi, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu hupeleka wanafunzi nyanjani kuzikusanya. Wanafunzi wanaokwenda Trans-Nzoia hupanda matatu hadi Kitale, hushuka stendi, na kutafuta usafiri wa kwenda vijijini kwa wazee wanaozikumbuka nyimbo za jembe la mkono. Yadi ya vyuma huipita njiani.